Angekwenda Wapi?

Kuna swali ambalo sisi wa rika langu tunaliuliza haraka sana. Mwanamke amepigwa, picha zimesambaa kwenye simu, na kabla mtu hajauliza hali yake swali limeshafika: kwa nini hakuondoka mapema? Hatuulizi kwa ubaya. Tumesoma, tuna maneno ya kutaja uhusiano unaomla mtu taratibu, tuna orodha za dalili. Tunaamini kwamba anayezijua dalili ataondoka, na kwamba aliyebaki hakuzijua.

Mimi nililiuliza swali hilo kwa bibi, mama yake mama yangu, mwaka nilioanza shahada ya uzamili katika historia. Bibi alizaliwa Tarime, enzi hizo wilaya ikiitwa Mara Kaskazini. Mwaka 1959 aliolewa kwa ng'ombe 18. Alimwacha mume huyo mara tatu, na mara ya tatu hakurudi. Hiyo ilikuwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Yeye mwenyewe huuhesabu hivyo. Nilitaka kujua ni lini alitambua kwamba ndoa ile ilikuwa inammaliza.

Alinitazama kama ninayeuliza maji ya mto yanaelekea wapi. Alisema alitambua wiki ya kwanza. Kilichomchukua miaka minane ni kupatikana kwa ng'ombe.

Nilirudi chuoni na jibu hilo, nikagundua kwamba sikuwa nimelielewa. Nimelisomea tangu wakati huo, na ninachoandika hapa ni kile nilichokipata: historia fupi ya namna wanawake wa Tarime na Serengeti walivyoweza kuondoka, na kilichowazuia walipotaka.

Tuanze na ng'ombe. Malcolm Ruel, aliyefanya utafiti kwa Wakurya katika miaka ya 1950, na Eva Tobisson, aliyechapisha kitabu kuhusu familia za Wakurya mwaka 1986, wote wanaonyesha kwamba mahari haikuwa zawadi inayopokelewa na kuishia hapo. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya msichana hawakukaa katika zizi la baba yake wakinenepa. Walipita. Kaka yake aliyepangiwa ng'ombe hao aliwatumia kuoa, ng'ombe wale wale wakaingia zizi la mkwe wake, na huko wakamwolea kijana mwingine. Ndoa moja ilisimama juu ya nyingine, na hiyo juu ya nyingine tena.

Sasa fikiria mke mmoja katika mlolongo huo anaondoka. Mume anadai ng'ombe wake. Lakini ng'ombe hawapo. Wamekwishageuka kuwa mke wa kaka. Ili kumlipa mume, ama kaka atafute wengine, ama ndoa yake mwenyewe itikisike. Kwa hiyo watu wale wale ambao binti angewakimbilia, baba, mama na kaka, ndio waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kumrudisha. Hawakuhitaji kuwa wakatili. Ilitosha wawe hawana ng'ombe.

Mara ya kwanza bibi alipokimbia, kwao walimpokea vizuri. Baada ya siku kadhaa wazee wakakaa, mume akatozwa faini, na bibi akasindikizwa kurudi. Mara ya pili alifika jicho moja likiwa limefumba kwa uvimbe. Wakati huo kaka yake alikuwa ameshaoa kwa ng'ombe wake, na ana watoto wawili. Wifi yake alimpikia uji, akamkanda uso kwa maji ya moto, na usiku, watu walipolala, akamwomba arudi kwa mumewe. Bibi hasemi kwamba wifi alikosea. Wifi naye alikuwa na nyumba ya kulinda.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu havikunieleza wazi, nalo bibi alilisema bila kulisisitiza. Kila aliporudishwa, mume alijifunza kitu. Alijifunza kwamba mlango umefungwa. Kipigo kilichofuata kurudi kwa pili kilikuwa cha mtu aliyehakikishiwa. Ndiyo maana bibi hakukimbia tena hovyo. Alikaa miaka mitatu mingine akingoja, na mtu wa nje angeyaona mngojo huo kama kutokujua.

Mlango ulifunguliwa na kaka yule yule. Alivuka mpaka akaenda Kericho kufanya kazi katika mashamba ya chai, akarudi na pesa, akanunua ng'ombe. Wazee walihesabu: kwa kuwa mtoto alikuwa amezaliwa, ng'ombe wote 18 hawakudaiwa, walirudishwa 11. Mtoto wenyewe, mvulana wa miaka mitano, alibaki. Alihesabiwa kuwa wa ukoo uliotoa ng'ombe. Bibi alitoka na nguo alizovaa.

Serikali mpya ya Tanganyika ilikuwa imeandika hesabu za aina hiyo kwenye karatasi. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi chini ya utawala wa Waingereza, alikuwa ametumia miaka mingi kukusanya sheria za makabila mbalimbali, na mwanzoni mwa uhuru kazi ya kuunganisha sheria za mila ilikamilishwa. Tangazo la Serikali namba 279 la mwaka 1963 liliweka kanuni kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba: marejesho ya mahari yatategemea nani mwenye kosa na kama kuna watoto, watoto waliozaliwa katika ndoa ni wa baba. Kilichokuwa kikijadiliwa na wazee, kikiweza kulegezwa leo na kukazwa kesho, sasa kilikuwa na namba ya kanuni. Rais aliyeiongoza serikali hiyo alikuwa mwana wa Butiama, mkoa huu huu wa Mara, ambaye alipokuwa mwanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1940 aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake akitumia hoja za John Stuart Mill.

Miaka minne baada ya bibi kuondoka ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971. Ukiisoma leo ukiwa na habari ya ng'ombe 11 kichwani, baadhi ya vifungu vinauma. Ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa. Hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mke anaweza kwenda mahakamani kuomba talaka, na ukatili unakubalika kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Katika kuamua mtoto akae na nani, ustawi wa mtoto unatangulia, na mtoto wa chini ya miaka saba anadhaniwa kuwa afadhali akae na mama yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mjomba wangu alikuwa na miaka mitano. Sheria ilichelewa kwa miaka minne.

Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikaongeza jiwe jingine: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, maana mahakama iliona kwamba alishapewa fedha na mumewe akazitumia vibaya, lakini kanuni ilibaki, na wanawake wengi waliokuja baada yake wameitumia. Nchi jirani ya Uganda ilikwenda mbali zaidi upande wa mahari. Agosti 2015, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI kutoka Tororo, Mahakama ya Juu iliacha mahari yenyewe iendelee, lakini ikaamua kwamba kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba.

Nazitaja sheria hizi kwa heshima. Ila sheria inatoa ruhusa. Haitoi mahali pa kulala. Mwanamke wa kijijini mwenye kifungu cha sheria mkononi bado anapaswa kupata nauli, kupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na kuishi mahali fulani wakati shauri likiendelea. Akikosa mahali hapo, atalala kwa mume anayemshtaki.

Bibi alipoondoka mara ya tatu, usiku wa kwanza hakulala kwao. Njia ilikuwa ndefu na giza lilimkuta. Alilala kwa mjane mmoja ambaye naye alikuwa ameoa mke.

Wakurya wanaiita nyumba ntobhu. Mwanamke wa makamo au mzee, mara nyingi mjane au aliyekosa mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe na kuoa mwanamke kijana. Si uhusiano wa kimapenzi. Kijana huyo anazaa na mwanamume aliyechaguliwa au kukubaliwa, na watoto wanakuwa wa nyumba ya mwenye ng'ombe. Desturi hii imejulikana kwa wasomi kwa muda mrefu. Hugo Huber aliandika kuhusu ndoa za aina hiyo Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960. Kazi yake ya asili ilikuwa urithi: ardhi na mifugo vilihitaji mtoto wa kiume, na nyumba isiyokuwa naye ilitafuta njia ya kumpata.

Katika miaka ya karibuni wanawake wengine wamewaeleza watafiti na waandishi wa habari sababu nyingine. Wanasema wamechagua nyumba ntobhu kwa sababu hakuna mwanamume wa kuwapiga ndani ya nyumba. Baadhi yao wametoka kwenye ndoa za kwanza walizokimbia. Mila ile ile iliyomfunga mwanamke kwa ng'ombe ilikuwa na mlango wa pembeni, na funguo za mlango huo zilikuwa kwa mwanamke mwingine mwenye ng'ombe wake.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi, kama mtu aliyegundua kwamba mababu walikuwa wameshatatua kila kitu. Bibi alinirudisha chini. Yule mke wa mjane, alisema, alikuwa msichana mdogo aliyepelekwa na baba yake aliyetaka ng'ombe. Hakuulizwa. Mwanamume aliyezaa naye alikuja na kuondoka apendavyo, bila wajibu wowote kwa watoto. Na upo ugumu mwingine ambao ni wa siku zetu: Sheria ya Ndoa inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mwenye ng'ombe akifa na ndugu wa marehemu mumewe wakaja kudai shamba, mke aliyebaki hana ndoa ya kuonyesha mahakamani. Kwa mmoja nyumba ntobhu ni kimbilio, na kwa mwingine ni mahali pale pale anapotamani kupakimbia. Inategemea kama aliingia mwenyewe au aliingizwa.

Mlango wa mwisho katika historia hii unafunguliwa kabla ya ndoa. Kwa Wakurya, ukeketaji ulikuwa hatua ya kumfanya msichana awe wa kuolewa. Ambaye hajakeketwa huitwa msagane, jina linalosemwa kwa namna ya kumfanya mtu ainamishe kichwa. Wazee wa mila, wale wa inchama, hutangaza msimu, na msimu huwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta kwamba katika Mara asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10.

Msichana wa miaka 12 katika msimu huo hahitaji orodha ya dalili. Anaona nafaka ikiandaliwa kwa pombe, anasikia shangazi wakifika, anasikia nyimbo jioni kutoka boma la jirani. Anajua siku. Anajua pia kwamba baada ya sherehe kuna mwanamume mwenye ng'ombe. Kwa vizazi vingi ujuzi huo haukumsaidia kitu, kwa sababu kila nyumba ambayo angeikimbilia ilikuwa imealikwa kwenye sherehe hiyo hiyo.

Kilichobadilika ni vitanda. Masanga, wilayani Tarime, kituo kilichoanzia mikononi mwa watawa wa Kanisa Katoliki kimekuwa kikipokea wasichana wanaokimbia msimu. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, Nyumba Salama ilifunguliwa 2014 ikiongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye ameeleza hadharani mara nyingi jinsi alivyokeketwa akiwa msichana na kuvuja damu nusura afe. Wasichana hufika kwa miguu, kwa bodaboda, kwa gari la polisi. Wengine hutembea usiku kucha. Madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi nayo yamekuwa sehemu ya njia hiyo.

Hata njia yenyewe ilibidi itengenezwe. Vijiji vingi vya Serengeti na Tarime havikuwa kwenye ramani yoyote ya kidijitali. Simu ya msichana au ya mwalimu wake ingepigwa, na gari lisijue lielekee wapi gizani. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umewakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wachore barabara na nyumba kutoka picha za satelaiti, na wenyeji wakaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ughaibuni akichora kijia cha ng'ombe anaweza asijue, lakini anaandika jibu la swali la angekwenda wapi.

Jambo ambalo watu hawalitarajii kuhusu nyumba hizi ni kwamba kazi yao kubwa ni kurudisha. Msimu ukipita, wafanyakazi huwaendea wazazi, wakati mwingine mara nyingi, na wazazi wanaokubali husaini ahadi mbele ya viongozi kwamba binti hataguswa. Wengi hurudi kwao. Wale ambao wazazi wao wanakataa hubaki, wakasoma shule au wakajifunza ushonaji. Nilipolisoma hili nilifikiria wazee walivyomrudisha bibi. Pale aliyetozwa faini alikuwa mume, na faini ikaisha siku ile ile. Hapa msichana anarudi akiwa na karatasi, namba ya simu na kitanda anachojua kipo. Anarudi nyumbani ambako wote wanajua kwamba anaweza kuondoka tena. Hilo peke yake hubadilisha namna watu wanavyomtendea.

Najua kuna atakayesema kwamba hadithi hii ni ya vijijini na ya zamani. Wapo marafiki zangu mjini wenye mshahara, chumba walichopanga wenyewe na wazazi watakaowafungulia mlango saa nane za usiku, na bado wamekaa na mtu anayewavunja. Kwao kujua ni kazi kweli. Mapenzi yanaweza kumficha mtu kisichofichika. Sikatai. Lakini nimeacha kuanza na dhana kwamba hawajui. Siku hizi natafuta ng'ombe wako wapi. Mara nyingi wapo: mkopo uliochukuliwa kwa majina mawili, harusi iliyochangiwa na ukoo mzima, mama ambaye ndoa ya binti yake ndiyo heshima yake kanisani au msikitini, mtoto wa miaka mitano. Ukishawaona unaweza kuuliza jambo la maana: tunawalipaje?

Mjomba wangu alikuja kumtafuta bibi mwaka 1981, kijana wa miaka 19. Alifika jioni, akasimama uani, akataja jina la baba yake. Bibi hakumtambua kwa sura. Alikaa siku mbili. Hawakuongea mengi, na baada ya hapo walionana mara chache tu hadi alipofariki. Nilimuuliza bibi kama angefanya tena vile vile. Alisema ndiyo, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na sikuona sababu ya kuuliza zaidi.

Katika chumba cha nje cha bibi kuna kitanda cha kamba kilichotandikwa siku zote. Nikiwa mdogo nilidhani ni cha wageni, na nilishangaa kwamba wageni walioalikwa hawalazwi humo. Nimekuja kufahamu kwamba ni cha wanaofika bila kualikwa. Mwanamke akigonga usiku, bibi huwasha moto kwanza na kuinjika maji. Sijawahi kumsikia akimuuliza yeyote kwa nini amechelewa. Humuuliza kama amekula, na kama kuna mtu anayejua kwamba yuko pale. Mjomba alilala kwenye kitanda hicho zile siku mbili.